Wageni wa Krismasi na Usalama wa Ziwa

KILA inapokaribia Sikukuu ya Krismasi, gati la Nansio hujaa watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote. Wengi ni wafanyabiashara waliokwisha kuizoea safari. Lakini miongoni mwao huwamo watoto, na hata watu wazima, ambao hawajapata kuliona jiji la Mwanza. Shule zimefungwa, na shangazi aliyeolewa Kirumba ameagiza kwamba mtoto apelekwe ale sikukuu mjini. Ni kwa ajili ya abiria hao tunaandika leo.

Safari ya kwanza ya mjini haisahauliki. Meli inapokaribia bandari, mtoto huonyeshwa Jiwe la Bismarck lililosimama majini. Mtoto wa Ukara pengine hatalishangaa mno, kwa kuwa kwao liko jiwe linalocheza! Kinachomduwaza ni watu. Kisiwani amefundishwa kumwamkia kila mkubwa anayekutana naye njiani. Akianza kutoa shikamoo bandarini, koo litamkauka kabla hajafika Makoroboi. Usiku, akitazama nyumba zilizojengwa juu ya vilima vya mawe, hawezi kutambua taa ipi ni ya dirishani na ipi ni nyota. Atapelekwa Misa ya mkesha, atanunuliwa viatu Mlango Mmoja, na mwezi wa Januari atawahadithia wenzake darasani hadi mwalimu amnyamazishe.

Furaha hiyo tunawatakia watoto wote wa visiwani. Hata hivyo, si wenyeji wote wa mjini wanaompokea mgeni kwa nia njema. Mpiga debe humpokonya mzigo kabla hajauliza njia, na muuza nguo, akisikia lafudhi ya kisiwani tu, hupandisha bei papo hapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakukusudia apone kwa njia hiyo. Wale wanaopita njia ya Kisorya na Bunda nao wajue kwamba nauli halali ni ile iliyotangazwa na LATRA, wala sikukuu si sababu ya kuiongeza.

Lakini fedha iliyopotea hutafutwa nyingine. Jambo linalotukosesha usingizi ni ziwa lenyewe.

Tarehe 21 Mei, 1996, mv Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha mv Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugorora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220, wengi wao wakirejea kutoka gulioni. Na kivuko kilipopinduka, idadi kamili ya waliokuwamo haikuweza kujulikana mara moja.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu siku za sikukuu zinafanana sana na siku ya gulio: watu wengi, mizigo mingi, na kila mmoja ana haraka. Abiria mgeni ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Hajui jaketi la kuokolea limewekwa wapi, wala hajaambiwa kwamba si vema wote kukimbilia upande mmoja gati linapoonekana. Akiona chombo kimejaa hudhani ndivyo safari zilivyo. Hawezi kugoma kupanda, na mzazi aliyemsindikiza naye anaogopa nauli isipotee.

Kwa hiyo mzigo huu usitupiwe abiria. Wenye dhamana ya vyombo wapange safari za ziada mapema, badala ya kungoja msongamano uwe habari. Idadi ikitimia, lango lifungwe, hata kama aliyeachwa nje ni ndugu wa nahodha au mtumishi mwenye cheo. TASAC na wakaguzi wengine wawepo pia katika mialo midogo ambako mitumbwi hupakia alfajiri, maana abiria aliyekataliwa gatini huko ndiko anakokimbilia. Na wasiondoke baada ya tarehe 25. Marejeo ndiyo yenye hatari kuliko maendeo: shule zinafunguliwa, fedha zimekwisha, na hakuna anayekubali kuachwa.

Tunaomba pia kila abiria aandikwe jina. Mtoto aliyebebwa mgongoni hatozwi nauli, lakini naye ni mtu, aandikwe. Nakala ya orodha ibaki gatini chombo kinapong'oa nanga. Kazi hiyo yahitaji daftari, kalamu na karani asiyeharakishwa, nayo ianze kwa chombo cha kwanza cha wiki ya sikukuu, si siku ile tu viongozi wanapofika gatini kukagua.