Deni Langu kwa Mwanafunzi wa Madrasa

Wiki hii naandika nikiwa na deni kwa binti mmoja wa madrasa yetu hapa Nyasho. Nilikuwa nikisomesha Swala ya kupatwa kwa jua, na namna Mtume (S.A.W.) alivyowakatalia waliodhani kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mwanawe Ibrahim. Binti akanyoosha mkono: “Ustadhi, ni kweli nje ya jua kuna joto kali kuliko usoni pake?” Nikamjibu kwamba hakuna moto wa namna hiyo, ukijitenga na jiko la mkaa, joto hupungua. Wenzake wakacheka.

Niliporejea vitabuni nikakuta aliyekosea ni mimi. Uso wa jua una joto la digrii 5,500 hivi. Juu yake pana gesi nyepesi mno iitwayo korona, yaani taji, ambayo joto lake hupita digrii milioni moja. Kwa kawaida haionekani kwa kuwa mwanga wa jua lenyewe huifunika. Jioni ya Jumapili, 3 Novemba 2013, sisi wa Musoma tuliona jua limemegwa. Kule Pakwach, kaskazini mwa Uganda, lilizibwa lote kwa sekunde chache, muda ambao taji hujitokeza.

Ndani ya taji hilo mna matao makubwa ya gesi, yanayopanda na kushuka kwa kufuata nguvu za sumaku. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi: je, tao ni bomba moja lenye joto moja, au ni fungu la nyuzi, kila uzi na joto lake? Mvuvi wa ziwa letu analielewa swali hili. Kamba ya mtumbwi ukiitazama kwa mbali ni moja. Ukiishika, unaona imesokotwa.

Tarehe 29 Mei 2018, roketi ya Marekani ilirusha darubini iitwayo Hi-C, ikapiga picha kwa dakika chache tu na kurudi. Pale ambapo picha za awali zilionesha kiza kitupu, zilionekana nyuzi za gesi yenye joto la karibu digrii milioni moja, upana wake kilomita 500 hivi: kama kwenda Mwanza na kurudi, lakini kwa jua ni unywele. Nini kinachozipasha moto? Eugene Parker alisema mwaka 1988 kuwa ni milipuko midogo isiyohesabika ya sumaku. Wengine husema ni mawimbi. Mjadala haujafungwa.

Jumamosi nilimwita binti yule, nikamtaka radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Hakujali sana radhi yangu. Alitaka kujua lini taji litaonekana tena. Nikamwambia kwamba Jumatatu, 2 Agosti 2027, kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makkah yenyewe, na kwamba kabla jua halijazibwa lote ni marufuku kulitazama bila miwani maalumu. Akaanza kuhesabu umri wake kwa vidole.