Bandari Iliyosindikiza Taifa

Meli za watalii zifungapo gati Cobh, bandari ya jiji la Cork kusini mwa Ayalandi, wageni aghalabu hukimbilia habari za Titanic. Si ajabu. Hapo ndipo meli hiyo ilipotua mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912, ikapakia abiria 123.

Lakini abiria 123 ni tone baharini. Kati ya 1848 na 1950, watu wapatao milioni 2.5 waliihama Ayalandi kupitia mji huu. Wa mwanzo walifukuzwa na njaa iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani ilhali nafaka na mifugo viliendelea kupelekwa Uingereza. Mgeni asiyeelezwa hilo ameona nini? Hata sanamu ya Annie Moore, binti aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, wengi huipiga picha wakaenda zao.

Jina nalo lina kisa. Mwaka 1849 mji uliitwa Queenstown kwa heshima ya Malkia Victoria, yule yule ambaye jina lake lingali limeganda juu ya ziwa letu. Waayalandi walilifuta mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sisi twalikaririsha darasani bila kushtuka.

Ningekuwa mwongozaji, ningewaanzishia wageni katika jengo la kale la stesheni ya reli kando ya gati, palipo na maonyesho ya wahamiaji hao. Titanic ningeiacha hadi saa ya mwisho.