Kijana wa Kujitolea: Mgeni au Mwanafunzi?

Katika mitaa ya Nateete, upande wa magharibi wa Kampala, inapopita barabara ya kwenda Masaka, si ajabu siku hizi kumwona kijana wa Ulaya au wa Marekani akipita na mkoba mgongoni. Ametoka kwao peke yake. Atakaa miezi mitatu, sita, pengine mwaka mzima. Asubuhi atafundisha shuleni bila mshahara; jioni atakwenda kujifunza marimba au zeze kwa fundi wa mtaani. Likitajwa suala la kumfundisha Kiswahili, wenyeji wake humjibia: hakihitaji. Kampala, wasema, Kiingereza chatosha. Na wapo walimu wenzetu, watu wa kazi hii hii, wanaoitikia neno hilo. Sisi tunasema kwamba neno hilo ni kosa, tena ni kosa lenye hasara kwa watu watatu: kijana mwenyewe, watoto anaowafundisha, na fundi anayemfundisha yeye.

Tusieleweke vibaya. Hatuipingi safari ya kijana, sembuse safari ya kutafuta muziki. Wazee walisema tembea uone, na muziki wetu wenyewe una deni kubwa kwa wasafiri. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Cairo akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi aliwafundisha wenzake, na katika mafunzo hayo tunaona mojawapo ya mizizi ya taarabu. Mwaka 1905 kilianzishwa Unguja kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho jina lake linajulikana hadi leo. Hivyo basi, mtu kwenda mbali, kuketi mbele ya mwalimu na kurudi na elimu ni jambo tunalolijua na kuliheshimu. Tuangalie lakini mpangilio wa mambo hayo: aliyesafiri alikwenda kama mwanafunzi. Ualimu ulikuja baadaye.

Kampala yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1959 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, mpigaji wa klarineti aliyependa muziki wa jazi, aliondoka Vienna akaja Afrika kwa kuomba lifti njiani. Alipofika Uganda alijifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa jumba la Kabaka na mtumishi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Mwaka 1960 Kubik alichapisha maelezo ya namna muziki huo wa Kiganda ulivyojengwa, na baadaye akawa miongoni mwa wataalamu wanaosomwa sana kuhusu muziki wa Afrika. Jina la mwalimu wake hakulificha. Leo wanaosoma habari za amadinda katika vyuo vya mbali hulisoma jina la Muyinda pamoja na la Kubik. Hiyo ndiyo safari tunayoitaka: mgeni anafika akiwa hana kitu mkononi, anaketi, anasikiliza, na anapoondoka jina la aliyemfundisha linaondoka pamoja naye.

Sasa tuje Nateete, kwa maana mahali hapo pana ushahidi wa pekee ambao walimu wengi wameusahau. Alexander Mackay, Mskochi aliyefika Buganda mwaka 1878 kabla hajatimiza miaka thelathini, alikuwa na kituo chake cha misheni huko Nateete. Kabla ya kufika alikwisha kupita Unguja na pwani, na lugha aliyoitumia kwanza kuzungumza na watu wa Buganda ilikuwa Kiswahili. Haikuwa lugha ngeni pale. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika katika baraza la Kabaka tangu katikati ya karne ya 19, na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe aliijua. Tarehe 31 Januari 1885, katika utawala wa Mwanga, vijana watatu wanafunzi wa misheni, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa huko Busega, karibu na Nateete. Waliosimulia mauaji hayo wanasema kwamba vijana hao walikwenda mautini wakiimba wimbo wa dini waliofundishwa, na kwamba wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili.

Msomaji na alipime jambo hilo, awe wa dini yoyote au asiwe na dini. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, vijana wa Buganda waliimba kwa Kiswahili saa ya kufa, nasi leo twaambiwa kwamba Kiswahili hakina mizizi Nateete!

Hoja za wanaotupinga ni tatu, na yafaa tuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiingereza chatosha. Chatosha kwa nani? Katika ofisi na katika darasa la juu, huenda. Lakini kijana wa kujitolea haishi ofisini. Anaishi na mama muuza ndizi, na mwendesha bodaboda, na mkimbizi wa Kongo aliyepanga chumba jirani. Huyo wa Kongo, atokaye Bukavu au Goma, aghalabu Kiswahili ndiyo lugha anayoweza kuzungumza na mgeni bila mkalimani. Kiingereza kitampa kijana marafiki wale tu waliosoma. Atarudi kwao akidhani ameijua Uganda, kumbe ameijua sehemu ile ya Uganda iliyokwisha kufanana naye.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba mtu akitaka lugha ya Nateete, na ajifunze Kiganda. Hapa hatuna ugomvi hata kidogo. Anayejifunza amadinda bila Kiganda anajifunza vijiti na mbao tu, kwa maana majina ya kazi zenyewe yamo katika lugha hiyo. Mpigaji wa kwanza huanzisha, na kazi yake huitwa okunaga. Wa pili huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, nako ni okwawula. Wa tatu hukaa kwenye mbao mbili za mwisho zenye sauti nyembamba, nako ni okukoonera. Maneno hayo hayana badala. Tunachosema ni kwamba Kiganda kitamfikisha kijana ndani ya Buganda, na Kiswahili kitamchukua kutoka hapo. Anayetaka kusikia marimba ya Buganda na kisha taarabu ya Mombasa, ngoma za Bagamoyo na magitaa ya Kongo ya mashariki, atafanyaje? Atabeba mkalimani mfukoni? Lugha hizi mbili hazigombani isipokuwa vinywani mwa watu wanaotaka zigombane.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Tunajua neno hilo lilikotoka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi ya ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Machungu hayo ni ya kweli wala hatuyadharau. Lakini lugha haina hatia ya aliyeitumia vibaya. Kiingereza nacho kiliamrisha kwa bunduki, na hakuna anayekikataa kwa sababu hiyo. Na Waganda wenyewe kwa njia ya bunge lao wamekwisha kuamua: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Agizo hilo linahitaji walimu, vitabu na moyo. Moyo utatoka wapi, ikiwa mtoto anamwona mgeni wa mbali akiheshimiwa shuleni bila kujua neno hata moja la lugha anayoambiwa yeye kwamba ni ya lazima?

Hapo ndipo penye hasara kubwa, na hapo tunawaomba wasomaji watue kidogo. Kijana wa miaka 19 ambaye hajasomea ualimu husimamishwa mbele ya watoto sitini kwa sababu moja tu, kwamba Kiingereza ni lugha ya mama yake. Watoto humpenda upesi. Baada ya miezi mitatu huondoka, na mwezi ufuatao huja mwingine, akaanza upya pale pale alipoanza wa kwanza. Upande wa pili wa ua yupo fundi wa endongo mwenye mvi, anayejua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote, na shule hiyo haijapata kumwita hata siku moja. Baada ya jumba la Kabaka huko Mengo kushambuliwa mwaka 1966 na falme kufutwa mwaka 1967, wanamuziki wa jumba hilo walitawanyika, na sehemu kubwa ya elimu yao ilibaki vichwani mwa wachache. Mtoto hujifunza nini katika mpango wa namna hiyo? Hujifunza kwamba mgeni asiyejua ni mwalimu, na mwenyeji ajuaye si kitu. Somo hilo halimo katika mtaala, lakini linakaa moyoni kuliko masomo yote yaliyomo.

Wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kana kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Sisi twaiona kuwa ni ya kumheshimu. Asiyepewa jembe anabaki mtu wa kutazamwa. Anayepewa amekuwa mtu wa nyumbani. Na jembe la kijana wa kujitolea ni lugha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, shule inayompokea kijana imweke majuma sita ya mwanzo kuwa mwanafunzi, wala asisimame mbele ya darasa. Ajifunze Kiganda cha salamu na cha muziki, na Kiswahili kwa utaratibu kamili. Pili, mwalimu wa Kiswahili na fundi wa muziki walipwe kwa kazi hiyo, na malipo yatoke katika fedha zile zile ambazo kijana huzitoa kwa wanaompangia safari. Tatu, kila anachokirekodi kijana kiachwe nakala yake shuleni, pamoja na jina la aliyepiga na la aliyefundisha. Nne, na hili ndilo kubwa, safari isiwe ya upande mmoja. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo tangu mwaka 1981, na Unguja kipo chuo kinachofundisha udi, kanuni na taarabu. Kwa nini kijana wa Nateete asiende huko peke yake, kwa basi, akajitolea katika shule ya msingi, akafundisha amadinda na kujifunza udi? Nauli yake ni ndogo kuliko ya ndege kutoka Ulaya. Kinachomzuia zaidi ni lugha, na dawa ya hilo tunayo sisi.

Ndugu walimu, marimba ya Buganda ina ajabu moja ambayo Kubik aliieleza mapema: wapigaji wanapoingiliana kwa kasi, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja aliyezipiga peke yake. Lakini anayetaka kuingia katikati ya mapigo ya mwenziwe hana budi kwanza kuyasikia. Basi kijana akibisha hodi katika shule zenu, msimwambie kwamba Kiswahili hakihitajiki. Mkaribisheni, mpeni mkeka, na siku ya tatu mpeni jembe.