Magoti ya Mtoto Si Kichekesho



Hapa Buyenzi mtoto ambaye magoti yake yanagongana hupewa jina la kejeli, na mzazi hukimbilia hirizi. Hatukubali! Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza kejeli. Maswahaba walipocheka miundi myembamba ya Ibn Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba katika mizani ni mizito kuliko Uhud.

Umri wa miaka 3 au 4 hali hii ni ya kawaida. Wengi hunyooka kufikia miaka 7 au 8. Ikizidi hapo, ikiuma, au ukipinda mguu mmoja tu, mpelekeni kwa daktari: huenda mifupa imelainika kwa kukosa vitamini D. Mtu mzima naye atibiwe. Hirizi hainyooshi mfupa.

Wallahu a'lam.