Mzani Usomwe na Wote Wawili

Mama anayeuza unga wa mahindi sokoni Kolwezi hana mashine. Ana meka yake tu, chombo kile kile alichopimia jana na juzi. Anachota mbele yako, anajaza mpaka unga unasimama kama kichuguu, na wewe umeinama unautazama ukingo. Ukiona meka imebonyea chini, unamwambia, "Mama, hii meka imekula tumbo lake," naye anaigeuza uione, au anakuongezea kiganja. Mkimaliza, unakwenda nyumbani kupika bukari bila kinyongo. Hamjuani majina, hamna mkataba, wala hakuna askari aliyesimama kati yenu. Mmeaminiana kwa sababu mlikuwa mkitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sasa toka mjini, ushike barabara ya kwenda Likasi mpaka Musompo, mahali wachimbaji wa mkono wanapouza kobalti na shaba yao. Mchimbaji amefika na mifuko yake juu ya pikipiki, magoti yamejaa vumbi. Mifuko inapandishwa mzanini. Mtu wa depo, yaani duka la mnunuzi wa madini, anasoma namba, anaiandika. Kisha anaichukua Metorex, ile mashine ya mkono yenye umbo la bastola, anaielekeza kwenye mawe, anabonyeza, anangoja sekunde chache, anataja namba ya pili. Hiyo ndiyo teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Karatasi ya bei imebandikwa ukutani, kila asilimia na faranga zake. Kioo cha mashine kinamtazama mnunuzi, na mchimbaji anatazama mgongo wa mashine.

Hapo ndipo kazi yote ya shimoni inapohukumiwa, kwa namba ambayo imeonwa na mtu mmoja tu. Mchimbaji akisema, "Patron, haya mawe si ya asilimia hiyo," anajibiwa kwamba mashine imesema. Atafanya nini? Kuyabeba tena mawe kwenda depo nyingine ni kumlipa mwenye pikipiki mara ya pili, na huko nako atakuta kioo kimegeuzwa vile vile. Mwezi Januari 2016, shirika la Amnesty International pamoja na Afrewatch ya hapa Kongo walitoa ripoti juu ya kobalti yetu, na wachimbaji waliohojiwa walilalamikia jambo hili: hawana njia ya kuhakikisha kwa upande wao uzito wala teneur wanayotajiwa. Malalamiko hayo yalikuwapo kabla ya ripoti, na mpaka leo ukikaa na wachimbaji jioni utayasikia.

Tufanye hesabu ndogo. Tani moja ya mawe yenye kobalti asilimia 3 imebeba kilo 30 za kobalti. Mashine ikisema asilimia 2, zimehesabiwa kilo 20. Kilo 10 zimepotea mchana kweupe, theluthi nzima ya mali, na hakuna aliyetia mkono mfukoni mwa mwenzake. Asilimia moja ikitamkwa haraka ni neno dogo. Nyumbani kwa mchimbaji ni karo ya mtoto.

Wengi wetu tunaiogopa mashine hii kwa sababu hatujaelezwa inavyofanya kazi, na hofu ya namna hiyo humtajirisha mjanja. Basi tuelezane. Metorex inatupa mionzi ya eksirei juu ya jiwe. Kila metali ikipigwa na mionzi hiyo hurudisha mionzi yake yenyewe, yenye nguvu yake maalumu, kama vile kila ngoma ina sauti yake. Mashine inasikiliza sauti hizo na kukadiria kiasi cha kila metali. Ni kifaa kizuri, na kikitumiwa vema kinasema kweli. Lakini kina mipaka, na mchimbaji anapaswa kuijua. Kwanza, kwa kobalti kinaona ngozi ya jiwe tu, unene usiofika milimita moja. Kilichomo ndani hakikioni. Kwa hiyo ukikielekeza kwenye jiwe bovu kitasema bovu, na ukikielekeza kwenye jiwe zuri kitasema zuri, ingawa yote mawili yametoka mfuko mmoja. Njia ya haki ni kutwaa mawe kutoka pande zote za mfuko, kuyaponda, kuyachanganya, halafu ndipo kupima. Pili, unyevu hupunguza kipimo cha teneur huku ukiongeza uzito. Tatu, chuma na kobalti vina sauti zinazokaribiana sana. Mahali penye udongo mwekundu uliojaa chuma, mashine isiyorekebishwa vizuri inaweza kuchanganya moja na nyingine. Na kurekebishwa kwenyewe kunafanywa na mtu, ndani ya mashine, mahali ambapo muuzaji hafiki.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ninakaa sana kwenye mawe wakati watu wa siku hizi wanazungumza juu ya miji ya kisasa, miji inayoendeshwa kwa kamera, kwa kodi za kidijitali, kwa mifuko ya madini yenye alama za kufuatiliwa kutoka shimoni mpaka bandarini. Ninakaa hapo kwa sababu kwa familia nyingi za Kolwezi, mashine ya kwanza iliyokuja kuamua riziki yao ilikuwa hiyo. Kijana aliyepunjwa Musompo asubuhi hawezi kusadiki jioni kwamba kamera ya barabarani imewekwa kwa usalama wake. Kwake mashine ni mashine: kitu cha wakubwa, kinachojua siri yake, kinachotaja namba na kukufunga mdomo.

Na si madini tu yaliyotufundisha hivyo. Tukumbuke RAM, lile daftari la simu za mkononi lililoanzishwa nchini mwaka 2020. Mtu alitia unite kwenye simu, akashangaa zimekatwa. Mwenye simu ya kawaida alidaiwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya intaneti ya kasi dola 7. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kupambana na simu za wizi na za bandia. Huenda sababu hiyo ilikuwa na kweli ndani yake, kwa maana simu za wizi zipo. Lakini fedha zilianza kukatwa kabla wananchi hawajaelezwa vya kutosha, na walipouliza zinakwenda wapi hawakupata jibu la kuwatuliza. Kelele zikatoka sokoni mpaka bungeni, na mwaka 2022 ada hiyo ikafutwa. Tangu siku hiyo, afisa yeyote anayekuja na daftari jipya la kidijitali hupokewa kwa jina la RAM.

Tukumbuke pia mashine ya kupigia kura ya Desemba 2018. Mashine yenyewe ilichapa karatasi, na mpiga kura aliiona karatasi yake kabla ya kuitia sandukuni. Kwa hatua hiyo mtu aliweza kuhakikisha. Giza lilianza baada ya hapo, kwenye kujumlisha. Kanisa Katoliki, lililokuwa na watazamaji wapatao 40,000 vituoni, lilitangaza kwamba matokeo yaliyotolewa hayakulingana na yale watazamaji wake waliyokusanya, na matokeo ya kila kituo hayakuwekwa hadharani ili raia alinganishe na karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo chake. Mnyororo mzima ulikatikia kwenye pete moja iliyofichwa.

Wako wanaosema dawa ni elimu: wananchi waelimishwe, wataamini. Mimi nakataa. Mchimbaji wa Kolwezi si mjinga. Anajua rangi ya jiwe lenye kobalti, anajua uzito wake kiganjani, na mara nyingi anakaribia teneur kwa macho tu kabla mashine haijawashwa. Kinachokosekana ni nafasi ya kuhakiki. Mtu akinyimwa nafasi hiyo, hata ukimsomesha miaka kumi, atakachojua vizuri zaidi ni namna anavyoibiwa.

Dawa naiona kwenye historia ya ndugu zetu wa kusini mwa ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na shida hii hii. Wanunuzi walishika mizani, mkulima akashika kofia yake. Wakulima wale hawakuishia kulaani. Walichangishana, wakaajiri wapimaji wao na kuwapa mizani, pamba ikapimwa kwanza upande wa mkulima ndipo ipelekwe kwa mnunuzi. Mkulima akafika dukani akiwa na namba yake. Mwenye duka akijua kwamba uzito umeshajulikana, mkono wake unatulia. Kutokana na harakati zile, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Chimbuko la yote lilikuwa mzani wa pili.

Nasi tuudai mzani wa pili, na Metorex ya pili pamoja nao. Najua bei yake; mpya hufika makumi ya maelfu ya dola, na hakuna mchimbaji atakayeinunua peke yake. Lakini sheria ya madini ya 2018 inamtaka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperativi iliyokubaliwa. Basi koperativi zifanye kazi ya koperativi! Zisiwe ofisi za kukata makato na kugonga mihuri tu. Koperativi kadhaa zikiungana zinaweza kununua mashine moja, zikamlipa kijana mmoja aliyeisomea, na mfuko ukapimwa kabla haujafika depo.

Jimbo limejenga kituo cha biashara pale Musompo ili wauzaji na wanunuzi wakutane mahali pamoja. Nasema hilo ni jema, lakini ukuta na lango havimpi mtu imani. Iwekwe pale meza ya wazi ya kupimia, isiyo mali ya mnunuzi yeyote, yenye mzani na mashine. Pawepo na jiwe la rejea, yaani sampuli ambayo teneur yake imeshapimwa maabara na kuandikwa. Kila asubuhi, kabla ya biashara, kila mashine kituoni ipimwe kwa jiwe hilo mbele ya wachimbaji, na namba iliyotoka iandikwe kwa chaki ubaoni, kando ya namba ya kweli. Mashine iliyokosea ifungwe mpaka irekebishwe. CEEC, ambayo kazi yake ni kukadiria na kuthibitisha madini, na SAEMAPE, iliyowekwa kuwasaidia wachimbaji wadogo, wasimame kwenye meza hiyo, wasingoje kuletewa makaratasi ofisini. Mchimbaji apewe karatasi yenye uzito, teneur, tarehe na namba ya mashine. Akiwa nayo mkononi, ana neno la kusema hata mbele ya hakimu.

Jambo hili lina haraka zaidi mahali palipo na mnunuzi mmoja. Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambako watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, palikuja kuzungushiwa ukuta na mnunuzi akawa mmoja. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt, kampuni tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaipa kisheria haki pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mkono nchi nzima. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na ninaelewa kwa nini taifa linataka kuishika. Ila mwenye haki ya kununua peke yake anadaiwa uwazi kuliko wote, kwa kuwa muuzaji hana mlango mwingine wa kubisha.

Wenye depo nao wana kilio chao, na haki inataka kisikilizwe. Wapo wachimbaji wanaomwagia mfuko maji, wanaopanga mawe mazuri juu na takataka chini. Ndugu mchimbaji, hilo ni wizi kama ule unaoulalamikia, na kila anayelifanya anampa mnunuzi sababu ya kuficha kioo. Meza ya wazi itakufunua wewe pia. Kubali.

Na uwazi huu usikomee kwenye mifuko. Sheria hiyo hiyo ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa mamlaka za chini, zikiwemo komuni zetu za Dilala na Manika. Kiasi kilichoingia na kilichotumika kibandikwe ukutani pa komuni kila baada ya miezi mitatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama wa meka anaweza kuzisoma akipita. Hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji karatasi, gundi na mtu asiyeogopa kuulizwa.

Wakuu wa jimbo, kabla hamjatuletea mashine nyingine, ya kodi au ya kamera, anzeni na hii iliyopo. Na wewe mwenye depo unayesoma gazeti hili ukingoja mfuko wa kwanza wa leo: mchimbaji akifika, mkaribishe upande wako wa meza, mgeuzie kioo, msome namba pamoja.