MTUNGI USIULE MSITU WA TANA

Wako wasemao kwamba siku za mtungi zimekwisha, na kwamba ndoo ya plastiki imeushinda. Sikubaliani nao. Maji ya mtungi yana baridi yake, maana udongo hupitisha maji kidogo, upepo ukayakausha kwa nje, na yaliyobaki ndani yakapoa. Ndoo haina hila hiyo. Nayo ikipasuka hutupwa, ikasombwa na mafuriko mpaka Kipini. Mtungi ukivunjika, vigae vyake hurudi udongoni.

Tena ufinyanzi wa pande hizi si kazi ya jana. Vigae vilivyopatikana Wenje, kaskazini ya Garsen, ni ndugu wa vile alivyovifukua Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Wataalamu wakauita ufinyanzi huo kwa jina la mto wetu: Tana. Basi waliojenga misikiti ya mwanzo ya mwambao huu walipikia vyungu vya namna hiyo hiyo.

Lakini heshima hiyo isitufumbe macho. Chungu kibichi hakifai kitu mpaka kipite motoni, na moto wataka kuni. Kikichomwa uwanjani, joto jingi hupotea hewani. Kuni hizo zikitoka katika msitu wa kando ya mto, hasara ni kubwa, maana msitu wenyewe ni ukanda mwembamba tu, na ndani yake wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabe, wasiopatikana popote pengine duniani. Hifadhi yao iliwekwa mwaka 1976. Mfinyanzi si mkosaji mkubwa. Mashamba yamekula zaidi. Hata hivyo, sisi tuliofundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha kando ya mto upitao, tutajibu nini juu ya kuni?

Na kuni nyingine tunazo, tena tunazilaani kila siku. Mathenge uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuotesha miti, na sasa umefunga njia na malisho. Watu wa Baringo waliishitaki serikali kwa ajili yake mwaka 2006, wakampeleka kortini mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake! Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa kuwa gugu haramu.

Kuni zake ni ngumu, na moto wake mkali. Ukali huo una hatari: chungu chenye unyevu kikipatwa na moto wa ghafla, maji yaliyomo udongoni hugeuka mvuke, kikapasuka. Kwa hiyo moto uanze polepole, kwa kumvi za mpunga au samadi kavu, kisha mathenge ufuate. Na lijengwe joko la matofali lizuie joto, kuni chache zifanye kazi ya nyingi.

Kwenye samadi najua wengine watakunja uso, kwani kwa madhehebu yetu mavi ya ng'ombe ni najisi. Suala si geni. Suyuti, katika Al-Ashbah wan-Nadhair, ametaja kwamba Imam Shafii aliulizwa juu ya vyombo vya udongo vilivyotengenezwa kwa samadi, kama yafaa kutilia udhu, naye akaelekea upande wa wepesi. Wa kuulizwa zaidi ni mashekhe, si mwandishi wa gazeti. Na mwenye wasiwasi kumvi zipo.

Tatizo halisi ni miba. Bibi mfinyanzi hawezi kuingia kichaka cha mathenge na panga mkononi na kandambili miguuni. Kaunti ya Tana River iwalipe vijana wakate, wakaushe, wafikishe kuni hizo mpaka jokoni. Nasi wanunuzi wa Lamu, Malindi na Mombasa tuulize mtungi umechomwa kwa kuni gani kabla ya kuanza kupunguziana bei.