Kuku Wawili wa Shangazi

Shangazi yangu alitoka zahanati na mjukuu mgongoni, mkononi kashika kadi ya CHF na karatasi yenye jina la dawa. Mtoto alikuwa akihema haraka haraka. "Wanasema amoksilini imekwisha, nikanunue dukani," akaniambia. "Sasa hii kadi ni ya kazi gani, mwanangu?" Aliuza kuku wawili kwa bei ya kutupa, dawa ikapatikana. Mtoto akapona.

Kila nikiuliza kwa nini dawa hakuna, hapa Natta jibu ni moja: barabara. Ni kweli, barabara ya Makutano hadi Mugumu imetutesa miaka mingi, na dawa za Mara hutoka Bohari ya Dawa, Kanda ya Mwanza. Lakini soda zinafika. Bia zinafika. Mboga za watalii zinafika kwenye hoteli za pembezoni mwa Hifadhi ya Serengeti zikiwa bado mbichi. Barabara inayopitisha matango haiwezi kukataa vidonge.

Mwenye duka anamkumbuka mteja aliyeulizia soda akakosa, maana hiyo ni hela iliyompita. Serikali haimkumbuki mgonjwa aliyekosa dawa. Oda ya zahanati hukokotolewa hivi: mlianza na kiasi gani, mmepokea kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Kilichotoka ndicho kinachohesabiwa kuwa mahitaji. Dawa ikiisha mapema, siku zinazofuata hakitoki kitu. Hesabu inaweza kurekebishwa kwa siku ambazo dawa haikuwepo, lakini lazima mtu awe ameziandika, na katika zahanati nyingi za vijijini mtu huyo ndiye anayezalisha, anayechanja na anayefunga vidonda. Asipoandika, oda inayofuata inakuwa ndogo. Wagonjwa wakichoka kurudishwa wanaacha kuja, nayo oda inapungua tena. Kwenye kompyuta za wilayani tunaonekana watu wenye afya njema.

Nitaambiwa mambo yamebadilika. Yamebadilika, sikatai. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Upo mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014: Bohari ikikosa dawa, kituo kinanunua kwa mzabuni aliyeteuliwa mkoani. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST. Yote hayo ni mazuri, na yote yanaanza na oda. Oda ikiwa ya uongo, mshitiri atatuletea upungufu ule ule, tena kwa haraka zaidi.

Ninachodai hakihitaji mfadhili wala lami. Liwekwe daftari la pili kwenye dirisha la dawa: tarehe, dawa iliyokosekana, idadi ya waliorudishwa. Majina hayahitajiki. Kamati ya zahanati, ambayo sisi wanakijiji tumo, ilijumlishe kabla oda haijatumwa. Kisha hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Wapo watakaosema daftari hilo litamwongezea mzigo muuguzi. Basi mstari huo uandikwe na mjumbe wa kamati. Kuchora alama tano kwa siku hakuhitaji cheti. Wapo pia watakaosema litaiaibisha serikali. Sawa, liiaibishe. Aibu hiyo leo anaibeba muuguzi peke yake, anayesema "hatuna" mara kumi kwa siku kwa watu anaokutana nao sokoni.

Shangazi alilipa shilingi 30,000, kiwango cha mwaka cha kaya ya watu 6, kabla mtoto hajaugua. Kwenye rejista ya wagonjwa mjukuu wake ameandikwa: amefika, ameonwa, ameandikiwa amoksilini. Ukisoma hapo utadhani alitibiwa bure. Wale kuku wawili hawakuandikwa popote.